Kutoka kwa Mfanyabiashara hadi kwa Kaunti: Uamuzi wa Mkaguzi wa Nyama wa Kiamaiko

Kiamaiko, mtaa ulio katika eneobunge la Mathare jijini Nairobi, unajulikana Eastlands yote kwa biashara ya mbuzi: wanyama huletwa kwa malori kutoka Moyale, Marsabit, Isiolo na Samburu, huchinjwa katika machinjio yaliyobanana na nyumba za kupanga, kisha nyama husambazwa kwenye bucha na hoteli za jiji. Katika shughuli hiyo mwandishi wa tawasifu hii, mwenye stashahada ya afya ya mifugo, aliajiriwa kwa miaka mingi na mfanyabiashara wa nyama ya jumla, kazi yake ikiwa kupokea mzigo, kuwatenga mbuzi wagonjwa, kusimamia uchinjaji na kuweka hesabu. Swali la kuiacha kazi hiyo na kuomba nafasi ya ukaguzi wa nyama serikalini lilimsumbua kwa muda mrefu, na kwa kuwa vijana wengi wa fani hiyo hukutana nalo, linastahili kuelezwa kwa kina.

Kwa kizazi kilichotangulia swali lenyewe halikuwepo, kwa sababu aliyehitimu mafunzo ya mifugo alitarajia kuajiriwa na serikali moja kwa moja. Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990, yaliyopunguza watumishi wa umma na kuiachia sekta binafsi sehemu kubwa ya huduma za mifugo, ndiyo yaliyowafanya wataalamu wengi kutegemea mishahara ya wafanyabiashara. Kisha Katiba ya 2010 ikazikabidhi kaunti, ambazo zilianza kazi mwaka 2013, jukumu la machinjio na huduma za mifugo, ila machinjio yaliorodheshwa chini ya kilimo na huduma za mifugo chini ya afya. Mpangilio huo haukusaidia kuumaliza mvutano wa siku nyingi kati ya maafisa wa mifugo na wale wa afya ya umma kuhusu nani hasa mwenye haki ya kukagua nyama, na anayeomba kazi hiyo yafaa ajue mapema kwamba anaingia katika mvutano ambao hakuuanzisha.

Kwa upande wa kipato hesabu ilikuwa ngumu. Mfanyabiashara alilipa vizuri mzigo ulipokuwa mwingi, hasa kuelekea Idi, lakini malipo yalifuata mvua na ukame wa kaskazini: kiangazi kinapoanza wafugaji huuza mbuzi wengi kwa bei ya chini kabla hawajakonda zaidi, na mvua inaponyesha baada ya hapo wanyama huadimika sokoni, kwa kuwa kila mfugaji anataka kulijaza tena zizi lake. Serikali kwa upande wake hutoa ajira ya kudumu yenye pensheni, pamoja na hati ya mshahara ambayo benki na vyama vya akiba na mikopo huiamini, kwa kuwa marejesho ya mkopo hukatwa kabla mshahara haujamfikia mwenyewe, ingawa Sheria ya Ajira ya 2007 inataka walau theluthi moja ya mshahara ibaki. Hata hivyo kaunti hutegemea sana fedha za Hazina ya Kitaifa, na zinapochelewa mishahara nayo huchelewa, hali ambayo mwenye nyumba wa Kiamaiko haikubali kuwa sababu ya kutolipwa kodi.

Lililokuwa zito kuliko fedha, kwa maoni ya mwandishi, lilikuwa suala la mamlaka. Mbuzi mwenye homa ya mapafu, ugonjwa wa kuambukiza unaofahamika sana katika maeneo kame, anapopasuliwa kifua, pafu moja mara nyingi huonekana limevimba, limekuwa gumu kama ini na limegandamana na mbavu, huku maji ya rangi ya manjano yakijaa kifuani. Mkono uliozoea hulitambua kwa kuligusa tu. Mfanyakazi wa mwenye mali anayeona hayo hana zaidi ya kumshauri anayemlipa, ambaye tayari ametoa fedha zake Moyale na amelipia lori. Mkaguzi aliyeteuliwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, anaweza kuuzuia mzoga au kiungo kisiuzwe, na muhuri wake ndio unaoiruhusu nyama kutoka machinjioni. Mwandishi alisikilizwa mara nyingi, na mara nyingine hakusikilizwa, na ni hizo mara nyingine zilizomwelemea.

Ilibaki gharama ambayo wengi huisahau: kuacha biashara za pembeni. Tume ya Ndegwa ya mwaka 1971 iliwafungulia watumishi wa umma wa Kenya mlango wa kufanya biashara, na madhara yake yameendelea kuonekana kila mahali ambapo anayetoa leseni ana duka lake mwenyewe. Ndiyo maana Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilidai tamko la mali na ilikataza mgongano wa maslahi, yaani hali ambapo faida binafsi ya afisa inakinzana na wajibu wake. Mwandishi alikuwa na hisa ndogo na jamaa zake katika ununuzi wa ngozi za mbuzi papo hapo Kiamaiko, na hakuona namna ya kukagua asubuhi mnyama ambaye ngozi yake ingemletea faida jioni.

Mwishowe aliomba nafasi hiyo, na barua ya ajira ya kaunti ilipofika, mwajiri alimwahidi nyongeza ya mshahara, ahadi ya dhati kutoka kwa mtu aliyemtendea wema mwingi. Mwandishi alimshukuru, akatoa notisi ya siku 28 inayotakiwa kwa anayelipwa kwa mwezi, akawaachia jamaa zake hisa ya ngozi, na katika siku yake ya kuripoti akaomba asipangiwe machinjio yanayotumiwa na mwajiri huyo.