Safu Niliyoiacha Wazi

Nilifika Kampala mwaka 1998, muuguzi niliyekimbia vita kutoka Bukavu, nikaajiriwa katika zahanati ya kanisa pale Kisenyi, bondeni chini ya kilima cha Mengo. Nilipewa wagonjwa wa kifua kikuu, hasa wale walioacha dawa.

Dawa hizo hutolewa bure, lakini humezwa miezi 6. Mgonjwa hupata nafuu mapema, akaona amepona, akaacha. Ugonjwa ukirudi, huenda dawa za kwanza zisiuweze tena. Kwa hiyo nilikuwa mtu wa vichochoro, kuanzia stendi ya mabasi mpaka mfereji wa Nakivubo, ambao mvua kubwa ikinyesha humwaga maji mpaka vyumbani. “Musawo amekuja,” watoto walipiga kelele, yaani tabibu amekuja, na mgonjwa mtoro akatorokea mlango wa nyuma.

Kilichowatorosha zaidi ni njaa. Mtu anapoanza kupona, hamu ya chakula humrudia kwa kishindo. Kisenyi mashine zinasaga mahindi kutwa, na wanawake wa Kikaramoja wanaopepeta nafaka pale walikuwa wakimeza vidonge kwa maji matupu. Niliwaendea wenye mashine nikaomba unga wa uji. Waliotoa kwanza walikuwa Waislamu. Kanisa langu lilikuwa bado linaitisha kikao.

Wasomali nao walikuwa wengi, watu waliotawanyika tangu serikali yao ilipoanguka mwaka 1991. Baadhi walikuwa wamepitia Eastleigh, Nairobi, na Kiswahili chao cha huko kilielewana na changu cha Bukavu, ingawa tulichekana sana. Ramadhani moja mzee mmoja aliniuliza, “Sista, nifunge au nimeze?” Nilimwambia dini yake inampa mgonjwa ruhusa ya kula. Hakutaka. Basi tukapanga ameze usiku, saa nzima kabla ya daku, kwa kuwa rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hufanya kazi vizuri tumbo likiwa tupu. Alimaliza dozi.

Mfadhili wetu mmoja alikuwa na fomu yenye safu ya waliookoka. Safu hiyo niliiacha wazi kila robo mwaka, na ya waliopona nikaijaza kwa uangalifu. Katika Mathayo 25 mwenye njaa na mgonjwa hawaulizwi dhehebu, na mimi sikuona sababu ya kuwa mkali kuliko Bwana mwenyewe.

Machi 2020 usafiri ulifungwa kwa sababu ya korona. Bodaboda walikatazwa abiria wakaachiwa mizigo. Dawa ni mzigo; niliwakabidhi vifurushi, wakavifikisha mlangoni.

Nimestaafu sasa. Wewe unayesoma, kama kanisa lako lina mfuko wa maskini, Jumapili hii muulize mweka hazina mfuko huo ulinunua nini mwezi uliopita.