Mpokezi asiyepimwa

Baada ya Ramadhani ya mwaka jana, mjane wa marehemu sheikh wetu, Allah amrehemu, alituletea katika ofisi ya kamati ya msikiti sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na kaseti 41 za darsa za tafsiri alizozisomesha hapa Bagamoyo kwa miaka mingi. Hewa ya chumvi ya pwani yetu haina huruma na vitu vya namna hiyo. Baadhi zilikwisha ota ukungu. Bibi, kama sote tunavyomwita, alisema maneno machache: "Wanangu, nawakabidhi amana. Nataka wajukuu wamsikie babu yao."

Tukaipokea amana kwa furaha, na kwa haraka. Tuliunganisha redio ya kaseti kwa waya hadi tundu la maikrofoni la kompyuta ya ofisi, tukabonyeza kitufe, tukaenda kuswali Alasiri. Tuliporudi tuliona kazi imekwisha, wala hatukuisikiliza.

Bibi alipokuja na wajukuu, tuliona haya. Kila sheikh alipopaza sauti, maneno yalipasuka, na chini yake mlikuwa na mngurumo usiokoma. "Sauti ni yake," alisema Bibi, "lakini ni kama anasemea ndani ya debe." Tukasema tutarudia. Katika kurudia, mashine ikautafuna utepe, pale pale mwishoni sheikh alipokuwa akiwaombea dua wanawe kwa majina. Leo dua ile imebaki katika nakala yetu mbovu tu. Kosa ni letu, hatuna wa kumbebesha.

Kijana mmoja wa msikiti, aliyesomea ufundi wa elektroniki, ndiye aliyetufahamisha tulipoteleza. Sauti iliyomo katika utepe ni wimbi lisilokatika, ilhali kompyuta haijui ila tarakimu. Baina yao hukaa kigeuzi, ambacho hulipima wimbi mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo hukiweka katika ngazi yenye vidato 65,536. Wimbi likipanda juu ya kidato cha mwisho, kigeuzi hakina tarakimu ya kulipa, hivyo hulikata kichwa. Tundu la maikrofoni limetengenezwa kwa sauti dhaifu. Sisi tulilimiminia sauti ya redio nzima.

Akatueleza kuwa wahandisi hawakiamini kigeuzi kipya kwa maneno ya muuzaji. Hukiweka juu ya bodi ya majaribio, wakakipa wimbi safi wanalolijua, kisha programu ya kompyuta ikahesabu kilichorudi. Nasi tukanunua kisanduku kidogo cha kugeuza sauti, tukakipima kwa njia hiyo hiyo kwa programu ya bure iitwayo Audacity. Tuliiamuru itoe mlio mmoja wa hezi 1,000, tukaupitisha kwa waya kutoka tundu la kutolea sauti hadi la kuingizia, kisha tukaitaka programu ichore kilichopokewa.

Ilipasa kionekane kilele kimoja tu. Tuliona na vingine: kimoja kwenye hezi 50, ambayo ndiyo mapigo ya umeme wa majumbani mwetu, na vingine kwenye 2,000 na 3,000, alama ya wimbi lililokatwa kichwa. Tulipochomoa chaja na kuiacha kompyuta itumie betri, kile cha 50 kikanywea. Tulipopunguza nguvu ya sauti, vya 2,000 na 3,000 vikazama. Hapo ndipo tulipoigusa kaseti ya pili.

Lililotuuma ni kwamba jambo hili hatukuwa wageni nalo. Chuoni tulisomeshwa kuwa mpokezi wa hadithi hutazamwa uadilifu wake na dhabti yake, yaani uwezo wa kuifikisha habari kama alivyoipokea. Imesimuliwa kuwa Imamu Bukhari alipofika Baghdad, wanazuoni walimpima kwa hadithi 100 walizozivuruga isnadi kwa makusudi, naye akairejesha kila isnadi mahali pake. Walimpima kwa jambo ambalo wao wenyewe walilijua jibu lake. Kigeuzi nacho ni mpokezi, na sisi tulimkabidhi habari bila kumpima.

Ndugu wasomaji, wengi wenu mna kaseti za wazee majumbani. Ziwekeni pakavu, mbali na joto. Kabla ya kuzihamisha, kipimeni chombo kwa sauti mnayoijua, tena kwa kaseti isiyo na thamani. Sikilizeni nakala yote, na kaseti yenyewe msiitupe.

Bibi ameisikia kaseti ya pili. Amesikia hata kikohozi cha mumewe, na jogoo wa jirani. Akatabasamu, kisha akauliza kama na ile ya kwanza itakuwa hivyo. Hatukuwa na jibu.

Wabillahi tawfiq.