Kisigino cha mwenzetu

Juma hili tunaongea juu ya miguu. Wengi wetu tunaijua ile hali: asubuhi ukishuka kitandani, hatua ya kwanza inachoma kisigino kama msumari. Ukitembea kidogo inapoa, halafu magaribi, kisha kusimama siku nzima sokoni, inarudi. Miezi miwili iliyopita, mwenzetu mmoja alituomba atoke katika likirimba. Hakuweza tena kupanda Kadutu na ndizi zake, na asipouza hana cha kutoa.

Tulimsaidia vibaya. Tulikata sponji ya matela ya zamani, tukaitia ndani ya viatu vyake. Siku mbili alifurahi. Siku ya tatu sponji ilikuwa imelala kama karatasi. Tukamchangia semele laini ya kununua, nayo vilevile. Bwana wake akauliza kwa nini feza zinaingia ndani ya kiatu. (Aulize pia feza za chumvi zinatoka wapi.)

Muuguzi mmoja ndiye alituelewesha. Chini ya wayo kuna mkano mpana, unatoka kisiginoni hadi karibu na vidole. Ukivutwa kupita nguvu zake, unauma pale uliposhika mfupa. Mizigo, milima yetu ya Bukavu na viatu bapa kama kambambili vinauchosha. Basi semele nzuri si ile inayobonyea. Ni ile inayoinua katikati ya wayo na kukishika kisigino kisiyumbe. Ibonyeze katikati kwa kidole gumba: ikilala yote, iache. Ikikunjika kama kitambaa, iache pia. Si lazima iwe ya bei kubwa.

Kaijaribu magaribi, wakati miguu imevimba kidogo, na ubebe viatu vyako vya soko. Toa kwanza semele ya zamani iliyo ndani, maana mbili pamoja zitabana vidole. Usijaribu ukiwa umeketi, simama, tembea. Kisigino kikitoka-toka nje ya kiatu, haifai. Ikiwa ndefu, punguza upande wa vidole, si wa kisigino. Siku za kwanza ivae saa moja au mbili tu, miguu izoee.

Mama mwenye ugonjwa wa sukari asijaribu peke yake. Semele inaweza kumtia kidonda asisikie. Aende kwanza kwa muganga. Na mwenye kuvimba au ganzi, vivyo hivyo.

Mwenzetu alitafuta semele ngumu. Asubuhi, mbele ya kusimama, anavuta vidole vya mguu kuelekea kwake, halafu anaviringisha chupa chini ya wayo. Watoto wake wanamcheka. Bado anasikia maumivu kidogo. Lakini Jumanne alipanda na ndizi, akapumzika njiani mara mbili, na zamu yake ya likirimba ni mwezi ujao.