Plau Isiyolima

Sisi wa Usukuma tunaijua plau tangu utoto. Mimi nilishika plau nyuma ya maksai, na mdogo wangu alitangulia mbele akiwaongoza. Kwetu neno hilo lina maana moja tu: kulima. Kwa ajili ya neno hilo nusura nyumba yetu ifarakane.

Mdogo wangu alikwenda kusoma Kanada, katika mji wa Montreal. Baba aliuza ng'ombe sita apate nauli. Januari moja mdogo wangu akatupigia simu kwa furaha: "Nimepata kibarua kando ya masomo. Usiku naendesha trekta la plau."

Baba alinyamaza. Kisha akasema, "Ng'ombe wangu sita wamekwenda ili mtoto arudi kwenye plau? Hapa plau haikuwapo?" Tangu siku ile hakutaka kuongea naye. Mama aliniuliza kwa siri, "Hivi usiku wanalima nini?"

Yapata miezi miwili ilipita. Mwisho nikamwomba mdogo wangu atueleze vema. Kumbe plau ile hailimi kitu! Ni ya kuondoa theluji, ile tunayosikia iko juu ya kilele cha Kilimanjaro. Montreal hupata theluji ya kadiri ya mita mbili kwa mwaka, yaani kupita kimo cha mtu. Isipoondolewa, daktari hafiki kwa mgonjwa, wala mtoto hafiki shuleni.

Mbele ya trekta au lori hufungwa bamba la chuma lililopinda, likakaa kimshazari. Chombo kikienda, theluji husukumwa kando, kama vile chuma cha plau yetu kinavyopindua udongo. Kwa mfano huo kikapata jina. Watu wa Quebec, ambao husema Kifaransa, hukiita charrue, neno lile lile la plau ya shambani. Wajerumani husema Schneepflug, yaani plau ya theluji. Lakini huko Ufaransa husema chasse-neige, maana yake mfukuza theluji. Iko na mashine nyingine, ambayo huikusanya theluji na kuirusha mbali. Hiyo Quebec huiita souffleuse, yaani mpulizaji. Aliyeitengeneza ni mtu wa Quebec, Arthur Sicard, mwaka 1925.

Nilipomsomea Baba maelezo hayo, alikaa kimya kitambo. Halafu akauliza, "Basi kazi yake ni kuwafungulia watu njia?" Nikamjibu, "Ndiyo, Baba." Akasema, "Nipe simu."

Wasomaji wapenzi, watoto wetu wakiwa mbali hutuletea maneno tunayodhani tunayajua. Tusikasirike kabla ya kuuliza maana yake. Kuuliza si ujinga. Baba yangu alipoteza miezi miwili ya sauti ya mwanawe kwa neno moja tu.