Wito Haulipi Kodi ya Nyumba

Mwezi huu naomba tuwaweke pembeni kidogo wapenzi waliotendana, tumuongelee mtu ambaye bila yeye usingeweza kuisoma hata sentensi hii. Ticha wako wa darasa la kwanza. Jina lake unalikumbuka? Bila shaka. Sasa niambie anaishi wapi siku hizi, anakula nini, na ndoa yake inaendeleaje. Hapo wengi tunaanza kujikuna kichwa.

Mimi ninaye mmoja ndani ya familia. Ni dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Tumekulia wote Shinyanga, na sasa anafundisha madarasa ya chini kwenye shule ya serikali mkoani Geita, huko kwenye vijiji vya machimbo. Jina lake nalihifadhi kwa sababu mwajiri wake ni yuleyule na mume wake ni yuleyule!

Nikisema Geita, najua unawaza dhahabu. Ni sawa. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu upande wa Kahama ukafuata 2001, na wachimbaji wadogo wamejaa Nyarugusu, Rwamgasa na kwingineko wakishuka kwenye maduara. Pesa ipo na inaonekana. Sasa mweke mwalimu katikati ya pesa hiyo. Kijana aliyeacha shule darasa la sita anapata mzigo mmoja mzuri, Ijumaa ananunua pikipiki, Jumatatu anapita nje ya darasa akipiga honi: "Ticha, mshahara wako wa mwezi mimi naumaliza leo jioni!" Watoto wanacheka. Dada anasema kicheko kile kinamuuma kuliko tusi lenyewe, maana ndicho kinachomwambia mtoto wa dawati la nyuma kwamba kesho asije.

Na kweli wengine hawaji. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo madogo ya dhahabu Tanzania, Geita na Kahama zikiwemo. Walikuwepo wa miaka minane tu, wanachimba, wanaponda mawe, wanashika zebaki kwa mikono mitupu. Wakubwa walisoma ripoti, wakaifunga. Anayebaki na daftari la mahudhurio ni mwalimu. Ndiye anayejua kwamba fulani hajaonekana siku ya tatu leo, na ndiye anayejifunga kanga jioni kwenda kumbembeleza mzazi. Mzazi naye ana hoja yake: machimbo yanalipa leo, shule inalipa lini?

Dada angalau anabembeleza kwa Kisukuma, lugha yake. Mwenzake aliyepangiwa kazi huko akitokea Mbeya alifika na neno moja tu, "mwangaluka", akakabidhiwa darasa la watoto ambao wengi wao Kiswahili walikuwa hawajakizoea. Miezi ya mwanzo wao ndio waliomfundisha.

JERO KWA MWEZI

Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, watoto walimiminika shuleni. Ni jambo la heri, mimi sipingi. Lakini hebu tupige hesabu kidogo. Ruzuku ya shule ya msingi ilikuwa sh. 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Sh. 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu, sh. 6,000 zikaenda shuleni. Gawanya kwa miezi 12. Unapata sh. 500, yaani jero! Humo humo utoe chaki, karatasi za mitihani na ukarabati. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kwenye darasa la dada, 45 ni wale wa upande wa dirishani tu.

Pengo hilo nani analiziba? Ni yeye. Kalamu ya mtoto aliyekuja mikono mitupu, sabuni, uji wa yule anayesinzia kwa njaa, pedi za binti wa darasa la sita aliyejifungia chooni analia. Matumizi haya huyaoni kwenye bajeti yoyote. Yanaonekana nyumbani kwake, pale sukari inapoisha tarehe 12.

Na mshahara wenyewe haufiki mzima. Kabla hajaugusa, mfuko wa pensheni umechukua asilimia 5, bima ya afya 3, chama cha walimu 2, na kodi ya mapato imepita. Aliyesoma chuo kikuu kwa mkopo anakatwa asilimia 15 nyingine.

SHEMEJI ALIDHANI KUNA MWANAUME

Hapa ndipo mambo yanapoingia chumbani. Shemeji anafanya kazi Dodoma. Miaka minne sasa dada anaomba uhamisho wa kumfuata mwenza, na miaka minne anajibiwa asubiri apatikane wa kuziba nafasi yake. Wanaonana likizo. Ndoa ya kwenye simu, mnajua wenyewe inavyokuwa.

Mwaka juzi kodi ya chumba ilimkuta hana kitu, akaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, hawa wanaoitwa kausha damu. Akaacha kadi ya benki kama dhamana. Kila mwisho wa mwezi yule bwana anatoa pesa zake kwanza, dada anarudishiwa makombo. Shemeji alipoona mke hachangii chochote nyumbani, akajijibu mwenyewe: huko kwenye dhahabu kuna mwanaume. Ugomvi ulifika kwa wazee. Nilikuwepo. Maneno yaliyosemwa siku ile siyaandiki.

Dada hakulia wala hakujitetea. Alitoa daftari kwenye pochi, la kurasa 80, akaliweka mezani. Kila senti aliyotumia kwa watoto wa watu ilikuwa imeandikwa humo, na tarehe. Shemeji alisoma ukurasa baada ya ukurasa. Mwisho akasema taratibu, "Kumbe nalea watoto zaidi ya mia na hata majina yao siyajui."

Walilipa deni pamoja, kadi ikarudi. Uhamisho bado. Siku moja nilimwambia, si unajua tunavyosemaga, "Dada, vumilia, ualimu ni wito." Akanitazama. "Mdogo wangu, wito haulipi kodi ya nyumba. Mwenye nyumba wangu hajawahi kuupokea."

MAJINA TULIYOWAPA

Neno hilo "wito" linatufaa sana sisi tusioshika chaki. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 nchi ilitaka kila mtoto asome, vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa mafunzo wakiwa kazini, wakatufundishia wazazi na kaka zetu. Shukrani yetu? "UPE" ikageuka tusi. Zilipokuja sekondari za kata, waliofunzwa harakaharaka tukawabatiza Voda Fasta.

Kuna waliofanyiwa makubwa zaidi ya kuitwa majina. Februari 2009, jirani zetu wa Bukoba Vijijini, mkuu wa wilaya aliamuru walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko kwa sababu ya matokeo mabaya ya darasa la saba. Watu wazima, wenye watoto wao! Rais Kikwete alimfukuza kazi. Julai 2012 walimu nchi nzima waligoma, wakidai pamoja na mengine posho ya asilimia 30 kwa wanaofanya kazi kwenye mazingira magumu. Baada ya siku chache mahakama ikasema mgomo si halali, wakarudi kufundisha.

Tena wakati huo Mama wa Ikulu mwenyewe alikuwa mwalimu. Mama Salma Kikwete na Mama Janeth Magufuli aliyemfuata, wote walifundisha shule ya msingi.

Sasa nenda Buhangija, pale Manispaa ya Shinyanga. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhika kasi Kanda ya Ziwa, watoto walikimbiziwa kwenye shule ile ya msingi kwa mamia. Wengine walifika hata umri wa kuanza shule haujatimia, na wengine wazazi hawakurudi tena kuwaona. Nani aliwalaza, akawapaka mafuta ya jua, akawafuta machozi usiku? Walimu na walezi wa pale. Hakuna chuo cha ualimu kinachofundisha namna ya kumlaza mtoto anayeogopa kukatwa mkono.

TUFANYE NINI?

Kama umeoa au umeolewa na mwalimu, usisubiri wazee. Kaeni na daftari mezani, muwekeane wazi kila deni. Akirudi jioni hana sauti, usidhani amekununia. Ameongea na watoto zaidi ya mia tangu asubuhi.

Kama ni mzazi, kabla hujauliza kwa nini mwanao amekuwa wa 30, uliza darasani wako wangapi. Na mpe kalamu yake.

Na yule ticha wako wa darasa la kwanza? Namba yake ya simu haikosekani, kuna mtu kijijini anayo. Mpigie. Mwambie shikamoo mwalimu, taja jina lako na mwaka uliosoma, halafu mtumie hela ya sukari.