Mnapendana, Sawa. Wimbo ni wa Nani?

Kuna maswali ambayo wapenzi hawaulizani. Mshahara wako unaishia wapi ni mojawapo. Lingine, ambalo siku hizi linavunja watu kimya kimya, ni hili: hiki tulichokitengeneza pamoja ni cha nani? Ikiwa ni nyumba, angalau kuna hati. Ikiwa ni gari, kuna kadi. Je, ikiwa ni wimbo?

Nauliza kwa sababu ya mdogo wangu wa kiume na mchumba wake. Wote ni watoto wa Izia, pale Sumbawanga, kule ambako mwezi wa sita baridi inakufanya uahirishe kuoga hadi saa saba mchana. Walianza kuimba pamoja kwaya, wakahamia kwenye nyimbo za mapenzi, wakajipa jina. Jina lenyewe silitaji, maana bado lina mgogoro. Mwaka 2021 waliingia kwenye studio ya chumba kimoja, wakalipa shilingi 80,000 bila risiti, wakatoka na wimbo. Prodyuza akawaambia, "Niachieni mimi niupandishe mtandaoni, nyie endeleeni na mambo yenu." Akafungua akaunti kwa barua pepe yake, akaweka namba yake ya simu ya kupokelea malipo. Nani angemkatalia? Alikuwa mshkaji.

Wimbo ukatembea. Harusi za Sumbawanga, Laela, Matai, hadi Tunduma, maharusi wanaingia ukumbini na wimbo wao. Mdogo wangu akaanza kupiga hesabu za mahari. Baada ya miezi minane akauliza hela, na jibu likaja kwa mafungu matatu: biti ni yangu, akaunti ni yangu, na jina nimeshalisajili BRELA.

Usiku ule alinipigia simu. "Dada, hivi mtu anaweza kusajili jina langu wakati mimi niko hai?"

Mimi si mwanasheria, nimesomea mawasiliano. Lakini kazi ya uhariri inakufundisha kuuliza kabla ya kuandika, kwa hiyo niliuliza, nikasoma, na nilichokikuta nikamweleza kwa lugha ya nyumbani. Ufipa watu wanalima mahindi. Msimu wa kuuza ukifika, lori moja linabeba mzigo wa watu hata kumi, na kila mtu anaweka alama yake ya rangi kwenye magunia yake ili yasichanganyike njiani. Mahindi ni kitu kimoja, alama ni kitu cha pili, lori ni cha tatu.

Wimbo ni mahindi. Haki yake inaitwa hakimiliki, na kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazaliwa pale kazi inapoundwa, bila kusubiri usajili. Inadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Jina la kundi ni ile alama ya rangi. Hilo linalindwa na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Unasajili BRELA, usajili wa kwanza unadumu miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Na ukitaka ulinzi Zanzibar, unasajili huko huko, kwa sababu wao wana sheria yao na ofisi yao.

Mtandao ni lori. Mwenye lori hakuulizi kama mahindi umelima mwenyewe. Akifika mwisho wa safari anamkabidhi yule aliyeandikwa kwenye karatasi ya mzigo. Ndiyo maana aliyefungua akaunti ndiye anayepokea hela, hata kama hajatunga mstari mmoja.

Sasa yale mafungu matatu ukiyapima moja moja, hayana uzito sawa. Biti kweli ni jasho la prodyuza, na ana haki ya kulidai. Ila biti si mashairi, na si sauti ya mtu. Akaunti haimfanyi kuwa mmiliki wa wimbo, kwa sababu hakimiliki inahamishwa kwa maandishi yenye sahihi, na hakuna aliyesaini chochote. Na jina? Tulipoomba kuiona hiyo karatasi ya BRELA, tulikuta ni usajili wa jina la biashara, si alama ya biashara. Ofisi ni moja, vitu ni viwili. Jina la biashara linasema fulani anafanya biashara kwa jina hili. Alama ya biashara ndiyo inayompa mtu nguvu ya kuwazuia wengine wasiitumie kwenye aina ya bidhaa au huduma aliyoisajilia.

Usidhani haya yanawakuta wasanii wachanga tu. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu ya Tigo iwalipe AY na Mwana FA zaidi ya shilingi bilioni 2, kwa kutumia nyimbo zao "Usije Mjini" na "Dakika Moja" kama miito ya simu bila idhini yao. Kampuni haikukubali, kesi ikapanda kwenye rufaa. Lakini siku ile wasanii wengi wa Bongo walijua kwa mara ya kwanza kwamba sekunde chache za wimbo anazosikia mpigaji wakati anasubiri simu ipokelewe ni mali inayoweza kumpeleka mtu mahakamani.

Harmonize naye, alipoondoka WCB Wasafi mwaka 2019, alieleza hadharani kwamba mkataba ulimtaka alipe shilingi milioni 500 ili awe huru na nyimbo zake na jina lake, na kwamba ilibidi auze nyumba. Hebu fikiria, unauza nyumba ili uitwe jina ambalo mashabiki wanakuita kila siku. Wimbo wake "Uno" wa mwaka huo huo uliwahi kushushwa YouTube baada ya prodyuza wa Kenya, Magix Enga, kudai biti lake limetumika. Kumbe hata lori linaweza kusimamishwa njiani, ukijua pa kulalamikia.

Na wakubwa wa dunia je? Apple Corps, kampuni ya Beatles ya Uingereza, iligombana na Apple ya kompyuta ya Marekani kuhusu jina na alama ya tofaa kwa karibu miaka 30. Mwaka 1981 walikubaliana kwamba wa kompyuta wasiguse muziki. Mwaka 1991 wakapatana tena, na wa kompyuta wakalipa dola milioni 26.5. Kisha mwaka 2003 likaja duka la iTunes la kuuza nyimbo kwenye intaneti, moto ukawaka upya. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya London ikasema alama ile imetumika kwenye duka, si kwenye muziki wenyewe. Kwa lugha ya Ufipa, alama imechorwa kwenye lori, si kwenye gunia. Mwaka 2007 wakamalizana kwa mkataba: kampuni ya kompyuta ikachukua alama zote, halafu ikawaruhusu Apple Corps kuendelea kutumia baadhi yake. Hata hivyo nyimbo za Beatles zilingoja hadi Novemba 2010 kuingia iTunes.

Ila, msomaji wangu, kilichonitisha mimi hakikuwa prodyuza. Ni kilichofuata nyumbani. Mdogo wangu na mchumba wake waliamua kuanza upya, wajifungulie akaunti yao. Fomu ikauliza swali moja dogo: mmiliki ni nani? Nafasi ya kujaza ilikuwa moja. Mdogo wangu akaandika jina lake, basi, kama mtu anayejaza fomu ya mjumbe wa nyumba kumi.

Wifi yangu hakupiga kelele. Alisema tu, "Mashairi niliandika mimi." Mdogo wangu akajibu, "Si tunaoana? Changu si chako?" Akaulizwa, "Sasa kwa nini usiandike la kwangu?" Wiki tatu hawakuzungumza. Mahari ilikuwa imeshapangiwa tarehe, wazee wameshaitwa.

Niliposafiri kwenda Izia kuwasuluhisha, wote wawili walinipa sababu ile ile: kuandikishana ni kama kujiandaa kuachana. Aliyewajibu ni mama. Mama ameuza mahindi miaka mingi na ana daftari la kila gunia alilowahi kupakia, pamoja na magunia ya dada zake wa tumbo moja. Akawaambia, "Mali bila daftari hupotea bila habari. Mnaiogopa karatasi, au mnaogopana?"

Jioni ile waliandika karatasi moja, kwa Kiswahili cha kawaida. Mashairi ya kila wimbo, asilimia ngapi ya nani. Melodia hivyo hivyo. Rekodi, nani amelipia studio, na risiti inakaa wapi. Jina, la wote wawili, na hakuna atakayelitumia peke yake bila mwenzake kuridhia, wawe pamoja au wameachana. Akaunti, kwa barua pepe ya pamoja, na neno la siri wanalijua wote. Ile namba ya utambulisho ambayo kila rekodi hupewa mtandaoni, ISRC, inaandikwa daftarini siku wimbo unapotoka. Prodyuza wa wimbo mpya alisaini pia, na fungu lake limo. Mtu anayejua fungu lake mapema hana sababu ya kujificha nyuma ya akaunti.

Wimbo wa kwanza bado unavutana, na jina la zamani wameliacha kwanza. Wanaimba kwa jina jipya, ambalo waliliombea alama ya biashara kabla hawajalichapisha hata kwenye fulana. Walioana mwaka 2023, na karatasi ile imelala kwenye bahasha moja na cheti cha ndoa.

Labda wewe huimbi. Labda wewe na mwenzio mna ukurasa wa kuuza keki, au vitenge, au video za kuchekesha watu. Ni yale yale. Leo, kabla hamjalala, muulizane taratibu: ile akaunti imefunguliwa kwa jina la nani, na hela zinaingia kwenye simu ya nani? Kama mtakasirikiana kwa swali hilo, bora mkasirikiane leo wakati hela bado ni kidogo.