Mwanangu Yuko Wapi? Ninavyowajibu Wazazi Kigangoni

Mimi ni katekista wa kigango. Padre huja kwetu kwa zamu, kwa kuwa vigango ni vingi, hivyo yanayowapata waumini kati ya Misa na Misa hunifikia mimi kwanza. Hakuna zito kama swali la mama aliyefiwa na mtoto mchanga kabla hajabatizwa: "Mwalimu, mwanangu yuko wapi?"

Mara nyingi anakuja akiwa ameshajibiwa na wengine. Yuko aliyemwambia kuwa mtoto yuko limbo, hateseki lakini hatamwona Mungu kamwe. Yuko aliyemwambia kuwa ubatizo si kitu, watoto wote ni malaika. Majibu hayo yote mawili si mafundisho ya Kanisa, na mama huyu ana haki ya kupewa mafundisho yenyewe.

Ubatizo ni wa lazima kwa wokovu. Hilo halipunguzwi. Kanuni ya 867 ya Sheria za Kanisa inawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika majuma ya kwanza, na aliye katika hatari ya kufa abatizwe mara moja. Kanuni ya 861 inaruhusu mtu yeyote kubatiza penye dharura, mradi ana nia ya kutenda linalotendwa na Kanisa. Kwa hiyo nawafundisha akina mama na wakunga: mimina maji kichwani pa mtoto huku ukisema kwamba unambatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Hata Mtakatifu Karoli Lwanga, shahidi wa Uganda, hakuwa padre. Mei 1886, kule Munyonyo, alipoona kifo kimekaribia, aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, akiwemo kijana Kizito. Tarehe 3 Juni wote wawili walichomwa moto Namugongo.

Lakini Kanisa hilohilo linafundisha kwamba Mungu, aliyetupa sakramenti, hafungwi nazo. Anayeuawa kwa ajili ya Kristo kabla ya kubatizwa anapata ubatizo wa damu. Mkatekumeni anayefariki akiwa na hamu ya ubatizo anaokoka pia. Mtaguso wa Trento uliitambua hamu hiyo mwaka 1547. Padre Leonard Feeney wa Boston alipolibana kupita kiasi fundisho kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu, Roma ilimsahihisha kwa barua ya mwaka 1949.

Ugumu uko kwa mtoto mchanga, ambaye hawezi kutamani wala kukiri. Hapo wanataalimungu walihangaika karne nyingi. Mtakatifu Augustino alisema watoto hao wanaadhibiwa, ingawa kwa adhabu nyepesi kuliko zote. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alisema hawaumii hata kidogo. Fikra ya limbo ikaenea, ikafundishwa sana, watu wakaipokea kama sehemu ya imani. Haikuwahi kutangazwa kuwa dogma. Katekisimu ya mwaka 1992 haiitaji limbo. Katika namba 1261 inawakabidhi watoto hawa kwa huruma ya Mungu na kuturuhusu kutumaini wokovu wao. Mwaka 2007, Tume ya Kimataifa ya Taalimungu, kwa idhini ya Papa Benedikto wa 16, ilichapisha hati inayosema kwamba tumaini hilo lina misingi mizito, ila ni tumaini, si jambo lililofunuliwa wazi.

Hata hati hiyo ni ya wanataalimungu, nayo haina uzito wa tamko la Mamlaka Fundishi. Kazi yao naiheshimu sana: wanachunguza, wanauliza, wanapendekeza. Kuamua lipi ni imani ya Kanisa ni wajibu wa Papa na maaskofu walio katika umoja naye. Ukubwa wa jina, hata la mtakatifu, haugeuzi rai kuwa dogma. Kwa kutojua tofauti hiyo, akina mama wengi wamebebeshwa hukumu ambayo Kanisa halikuitoa.

Basi mama huyo simwambii kwamba nina hakika, maana Kanisa halijanipa hakika hiyo. Namwambia kwamba Yesu aliyewaita watoto wadogo waje kwake anampenda mwanawe kuliko sisi sote, na kwamba Kanisa linatumaini wokovu wa mtoto huyo pamoja na mama yake. Kisha tunasali. Kama wazazi walikusudia kumbatiza mtoto, namwomba paroko aombe ruhusa ya askofu kwa maziko ya Kanisa, kama kanuni ya 1183 inavyoruhusu.

Makatekista wenzangu, tusimhukumu mtoto yeyote kwa rai ya mtu. Nanyi wazazi, msingoje sherehe wala mchango wa ndugu: mleteni mtoto abatizwe mapema.